Alf Wight: Mkono Mmoja Ndani ya Ng'ombe, Mwingine kwa Taipureta

Kuna kitu watu wa Isiolo wanakijua bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Ng'ombe akianza kusukuma jioni, na asubuhi bado anasukuma, hapo kuna shida. Miguu miwili imetoka, kichwa hakionekani. Mzee anavua shati, anapaka mkono mafuta, analala chini nyuma ya ng'ombe. Wengine wanashika kamba. Wakati mwingine ndama anatoka mzima. Wakati mwingine anatoka vipandevipande, na mama yake anachinjwa kabla jua halijawa kali, angalau nyama isiharibike.

Sasa kuna jamaa mmoja huko Uingereza aliyelala kwenye sakafu ya mawe namna hiyo hiyo, usiku, shati limetoka, theluji inapepea mlangoni, akitafuta kichwa cha ndama kilichojikunja nyuma. Halafu miaka mingi baadaye akaiandika hiyo kazi, na vitabu vyake vikauzwa nakala zaidi ya milioni 60 duniani. Wengi wanamjua kama James Herriot. Jina lake la ukweli ni James Alfred Wight, na waliomzoea walimwita Alf. Alikufa mwaka 1995, mimi hata sijazaliwa.

Naandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana wa huku kwetu tunapenda kuuliza eti kazi ya mifugo ina maana gani kwa mtu aliyesoma. Ya pili, ukitoa theluji, mambo aliyokuwa akipambana nayo ndani ya matumbo ya ng'ombe ndiyo hayo hayo ya Merti, Garba Tula na Oldonyiro.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1916 huko Sunderland, mji wa pwani wa meli na makaa ya mawe. Hakukaa sana, akiwa na wiki tatu hivi familia ikamhamishia Glasgow, Scotland. Baba alifanya kazi kwa viwanda vya meli na pia alipiga kinanda kwenye sinema, enzi zile filamu hazina sauti. Mama alikuwa mwimbaji. Kwa hivyo usifikirie alikuwa mtoto wa shamba. Huyu ni mtoto wa mjini kabisa, wa nyumba za kupanga, ambaye mnyama aliyemjua vizuri ni mbwa wake tu. Akiwa na miaka 13 hivi akasoma makala kwenye gazeti la vijana kuhusu kazi ya daktari wa mifugo, na hapo ndipo mambo yakaanza.

Mwaka 1933 akajiunga na chuo cha mifugo cha Glasgow. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe chuo nilikiacha mwaka wa pili na huwa natafuta watu wa kunifariji. Alf hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Alianguka mitihani, akarudia, akaanguka tena. Katikati ya masomo akaugua na kupasuliwa. Alimaliza Desemba 1939, miaka sita na ushee tangu aanze, na wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vimeshaanza na kazi hakuna. Magari na matrekta yalikuwa yamemfukuza farasi barabarani, na farasi ndiye aliyekuwa mkate wa madaktari wa mifugo. Wenzake kibao walimaliza chuo wakabaki kusaidia kazi kwa chakula na malazi tu. Ukiisoma hiyo sehemu unaweza kudhani ni stori ya Kenya ya juzi.

Alipata kazi fupi Sunderland, kisha Julai 1940 akaenda mji mdogo wa Thirsk, Yorkshire, kwa daktari anayeitwa Donald Sinclair, nyumba namba 23 mtaa wa Kirkgate. Sinclair alikuwa mtu wa vituko, leo anakwambia hivi, kesho anakukana kwamba hakusema. Alf alifika pale akidhani atapita tu. Alikaa hapo kikazi maisha yake yote.

Ngoja sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana watu wengi wanaomsifu Herriot wanaongea tu habari za mandhari na mbwa wadogo wa matajiri. Mkate wake ulikuwa ng'ombe, na sehemu kubwa ya ng'ombe ilikuwa uzazi.

Fikiria mwaka 1940. Penisilini bado haijafika kwa mifugo. Dawa nyingi zilizojaa kabatini zilikuwa za kunukia vizuri na kufanya kidogo. Daktari alikuwa na mkono wake, sabuni, maji ya moto, kamba, na dawa ya ganzi. Kitabu chake cha kwanza kinafunguka na ile kazi ya ndama aliyekunja kichwa. Ng'ombe amekauka ndani kwa sababu maji ya uzazi yalishaisha kitambo, kila akisukuma anaubana mkono wa daktari dhidi ya mfupa wa nyonga mpaka vidole vinakufa ganzi, na pembeni kuna mjomba wa mwenye ng'ombe anayemsifu daktari mwingine kabisa, ambaye ati angeshamaliza zamani. Wewe mwenye umewahi kusaidia ng'ombe, huyo mjomba si unamjua? Kila boma lina wake. Ndama akatoka hai mwishowe. Mwenye ng'ombe akauliza kama itafaa kupata kinywaji kidogo, Alf akashukuru kwa furaha, kumbe mzee alikuwa anamuulizia ng'ombe.

Kisha kuna kizazi kutoka nje. Huku wafugaji wanakijua vizuri. Ng'ombe amezaa, anaendelea kusukuma, na tumbo zima la uzazi linageuka nje kama soksi na kuning'inia mpaka kwenye visigino, jekundu, kubwa, limejaa vinundu vile ambavyo kondo la nyuma hushikilia. Likikaa nje linavimba. Likivimba halirudi. Likichanika au mshipa mkubwa ukikatika ndani, ng'ombe anakufa mbele yako. Alf aliiandika kazi hii kama mieleka: unaosha kile kitu, unakiinua kwenye shuka safi, watu wanainua makalio ya ng'ombe juu ili uzito urudi mbele, na wewe unasukuma kwa ngumi, siyo kwa vidole, kwa sababu kidole kinatoboa. Unapata kidogo, ng'ombe anasukuma, unapoteza chote. Unaanza upya.

Hadi leo ndiyo njia yenyewe, tofauti ni kwamba siku hizi ganzi hudungwa juu ya mkia, kwenye uti wa mgongo, ng'ombe anaacha kusukuma na kazi inakuwa ya binadamu. Na kuna ile hila ya sukari. Ukimwaga sukari ya kawaida juu ya kizazi kilichovimba, inavuta maji na uvimbe unashuka. Kizazi kikisharudi lazima pembe zake zinyooke mpaka mwisho, la sivyo kinatoka tena kabla hujanawa mikono. Halafu dawa ya kukifanya kijikaze, kalisiamu kama ng'ombe amedhoofika, na antibayotiki. Wengine hushona pia mlango wa nje kwa uzi mnene kwa siku chache.

Ila upasuaji wenyewe, wa kisu, ndio uliokuwa na stori kali. Alf alipoanza, ndama akikwama kabisa, daktari alimkatakata humo humo ndani kwa waya, kipande kwa kipande, masaa mawili matatu, ng'ombe akichoka na daktari akizimia kwa uchovu. Kumpasua ng'ombe ubavuni na kumtoa ndama mzima ilionekana kama jambo la vitabuni. Kilichobadilisha mambo ni dawa za kuua vidudu, salfa kwanza na penisilini baada ya vita, kwa sababu zamani ng'ombe hakufa kwa kisu, alikufa kwa usaha siku ya nne.

Anasimulia moja ya kwanza aliyofanya, akiwa na mwanafunzi ambaye alikuwa ameona ikifanywa chuoni na kudai ni rahisi tu. Wakakata ubavuni, wakatafuta kizazi, wakaona tumbo kubwa la majani likijaa dirisha lote, utumbo ukimwagika nje, na kizazi hakipatikani. Kila kilichotakiwa kubaki ndani kilitoka, na kilichotakiwa kutoka kilibaki. Mpaka ndama anatoka, na wakashona kila kitu, Alf alikuwa na hakika kwamba amemuua ng'ombe wa watu. Ng'ombe akapona, akazaa tena miaka iliyofuata. Na ile aliyoifanya vizuri, kwa utulivu, kila tabaka mahali pake? Anakiri kwamba hizo nazo zilimwangusha mara nyingine. Nimependa sana hapo, maana vitabu vingi vya mabingwa haviandiki hivyo.

Ukitaka kujua inavyofanyika leo: mara nyingi ng'ombe anasimama, hajalazwa. Ananyolewa ubavu wa kushoto, anaoshwa, anadungwa ganzi kwenye mstari au kando ya uti wa mgongo. Kwa nini kushoto? Kwa sababu lile tumbo kubwa la majani liko kushoto na linafanya kazi ya ukuta, linazuia utumbo usikumwagikie miguuni. Unakata ngozi, misuli, kisha utando wa ndani. Unashika mguu wa ndama kupitia ukuta wa kizazi, unauleta kwenye tundu, unakata hapo ukikwepa vile vinundu vya kondo kwa sababu vinatoa damu vibaya. Ndama nje. Kizazi kinashonwa kwa kukunja kingo kuingia ndani ili maji machafu yasivuje tumboni, halafu misuli, halafu ngozi. Mwenye mazoezi anamaliza kwa saa moja na kitu. Na ng'ombe anarudi kula majani akiwa bado ana nyuzi ubavuni, kama hajafanyiwa kitu.

Hapa lazima nitoke kidogo nje ya Yorkshire. Msidhani kupasua tumbo la uzazi na mama akapona ni uvumbuzi wa Wazungu walioleta Afrika. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa huko akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi imlevye, akanawa mikono na tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akakata, msaidizi wake akazima damu kwa chuma cha moto, na mwisho jeraha likabanwa kwa misumari myembamba ya chuma na kamba za magome. Mama na mtoto walikuwa hai siku kumi na moja baadaye, jeraha limefunga. Felkin aliandika hayo kwenye jarida la udaktari la Edinburgh mwaka 1884. Jina la yule mganga hakuliandika. Wakati Alf anajifunza kunawa mikono Glasgow, mtu wa Bunyoro alikuwa ameshanawa miaka zaidi ya hamsini kabla.

Turudi Thirsk. Alf alimuoa Joan Danbury Novemba 1941, na inasemekana fungate lao lilikuwa kupima ng'ombe kifua kikuu. Kisha akaenda jeshi la anga kipindi kifupi, hakuruka sana, mwili ukakataa, akarudi kwa ng'ombe wake. Wakapata watoto wawili, Jim na Rosemary, wote baadaye madaktari: mmoja wa wanyama, mwingine wa watu. Msichana alitaka pia mifugo, baba akamkatalia kwa sababu aliona kazi ni ngumu mno na chafu mno. Hilo simsamehi haraka. Pale Isiolo ukienda sokoni utaona akina mama wakiendesha biashara ya maziwa ya ngamia yote, na akina dada waliosomea mifugo wapo kazini. Lakini enzi zake ndizo hizo.

Sasa hii sehemu naomba msome polepole. Kondo la nyuma likikataa kutoka, zamani daktari aliingiza mkono na kulibandua kinundu kwa kinundu, mkono mtupu mpaka begani. Alf alifanya hivyo mamia ya mara. Na ng'ombe wengi ambao kondo halitoki ni wale waliotupa mimba, na wengi waliotupa mimba walikuwa na brusela. Akaambukizwa. Miaka mingi alishikwa na homa za ghafla, anatetemeka kitandani, halafu anapata furaha ya ajabu isiyo na sababu, anaimba na kucheka peke yake, kisha inapita na anarudi kazini kesho yake. Kwenye vitabu aliifanya ichekeshe. Mimi sioni cha kuchekesha. Brusela ni homa inayorudi, viungo kuuma, mgongo kuvunjika, na kwa wanaume huweza kuvimbisha korodani.

Na hii ndiyo ya kwetu kabisa. Wangapi hapa wametibiwa malaria na taifodi miezi, kumbe ni brusela? Maziwa mabichi tunakunywa, hiyo ni desturi na sina nguvu ya kugombana na bibi yangu. Lakini kuvuta kondo kwa mkono bila glavu, na kuachia mbwa wale kondo lile, na kijana mdogo ndiye anatumwa kuokota ndama aliyetupwa, hapo tunajimaliza. Mimba ikitoka kabla ya wakati, hasa miezi ya mwisho, usiguse kwa mkono mtupu. Zika au choma. Na kondo lisipotoka siku ya kwanza, msilivute kwa nguvu wala kulifungia jiwe. Siku hizi madaktari wenyewe wameacha kulibandua kwa nguvu, kwa sababu linachana kizazi na ng'ombe hashiki mimba tena. Na mvua kubwa zikija na mifugo kibao ikatupa mimba kwa pamoja, kama 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007 kaskazini mwa Kenya, hiyo huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, nayo inaua watu. Piga ripoti kwanza, mambo ya kisu baadaye.

Kuandika alianza amechelewa. Kwa miaka alimwambia Joan kila jioni stori za siku na kusema ataziweka kitabuni, mpaka mke akamwambia mtu wa miaka 50 haanzi kuandika kitabu. Ndivyo alivyopenda kuisimulia, ingawa mwanawe Jim alieleza baadaye kwamba baba alikuwa akijaribu hata kabla ya hapo. Alinunua taipureta, akaandika jioni sebuleni televisheni ikiwa imewashwa, familia ikipiga kelele. Stori za mpira zikakataliwa. Kitabu kikakataliwa. Na kabla ya hayo, karibu mwaka 1960, alipitia giza la akili, msongo mzito uliomfikisha kutibiwa kwa mshtuko wa umeme. Hakuandika hata mstari mmoja kuhusu hilo. Wasomaji walimjua kama mtu mchangamfu wa mashambani mpaka mwanawe alipoandika maisha yake baada ya kifo. Madaktari wa mifugo wanaofanya kazi peke yao, usiku, mbali, wanajua hili kuliko mimi.

Jina la Herriot alilipata kwenye televisheni. Sheria za taaluma zilikataza daktari kujitangaza, akahitaji jina la kujificha, na siku hiyo kipa wa Birmingham City, Mskoti anayeitwa Jim Herriot, alicheza vizuri. Basi. Kitabu cha kwanza kilitoka 1970, kikauzwa kidogo tu. Mwaka 1972 Wamarekani wakaunganisha viwili kuwa kimoja na mambo yakalipuka. BBC wakatengeneza mfululizo kuanzia 1978. Watalii wakawa wanapanga foleni mlangoni kwa daktari kusainiwa vitabu, mbwa wagonjwa wakisubiri pembeni. Na sisi Isiolo tusijione wageni wa hayo: kitabu cha Joy Adamson kuhusu simba Elsa, kilichotoka 1960 na kuzunguka dunia nzima, kilianzia hapa hapa, mumewe George akiwa afisa wa wanyamapori Isiolo. Tofauti ni kwamba simba ana kitabu, filamu na hoteli. Ng'ombe wa Borana bado anamsubiri mwandishi wake.

Pesa zilikuja, kodi ya Uingereza ikala sehemu kubwa mno, na waandishi wengine wakahamia visiwani kuikwepa. Alf alikataa kuhama. Aliendelea kuendesha gari kwenda mashambani, na wakulima wa Yorkshire hawakujali umaarufu wake hata kidogo. Waliokuwa na ng'ombe aliyekwama walitaka mkono wake, vitabu vyake shauri yake.

Alifariki kwa saratani ya tezi dume tarehe 23 Februari 1995, nyumbani kwake Thirlby, akiwa na miaka 78. Donald Sinclair, yule mwajiri wa vituko, alifuata mwaka huo huo. Jim akaendelea na kazi ya baba pale Thirsk. Na nyumba namba 23 Kirkgate sasa ni makumbusho, unalipa kiingilio na kuona vyombo walivyotumia: kamba za kuvutia ndama, sindano za chuma nene kama kidole, na chupa za zile dawa za kunukia ambazo hazikutibu kitu.